Sungura Zetu na Paka ya Pori



Sisi tunaoandika tuko watatu, watoto wa nyumba moja, na sote twasoma hapa. Mkisoma "sisi" katika ukurasa huu, mjue ni sisi watatu. Tuliandika kwenye meza moja, jioni, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na ugomvi haukukosekana. Parseli yetu iko hapa Bulengera, kwenye mteremko. Chini kuna bonde lenye matete na kijito, juu kuna mikaratusi ya watu. Twasema hayo mapema, maana asiyejua mahali hatajua mnyama alitoka wapi.

Sababu ya kuandika ni hii. Muhula huu tumesikia wenzetu wanne wakisema kwamba sungura zao zililiwa na imbwa ya jirani. Sisi pia tulisema vile. Tulisema kwa sauti kubwa, tena mbele ya watu, na yule mbwa hakuwa na kosa.

Sungura zetu hatukuzinunua. Zilifika pamoja na shangazi yetu, alipokimbia kutoka upande wa Beni. Wote mnajua kwamba tangu mwezi wa kumi 2014 vijiji vingi vya kule vimeona mauaji, na watu wengi walishuka njia ya Butembo wakiwa na godoro kichwani. Shangazi aliacha mbuzi wake sita na shamba la kakao. Alifika na watoto wawili, sufuria moja, na kikapu kilichofunikwa kitenge. Tulidhani ni chakula. Baba alipofunua, masikio yakatokea: dume moja la kijivu na majike mawili meupe. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Shangazi hakucheka. Alisema, "Mbuzi iko na sauti, banaisikia mbali. Hii haina sauti. Ndiyo maana iko hapa."

Neno hilo ni kweli. Katika miaka ya kukimbia-kimbia watu wengi wa Kivu waliacha kufuga ng'ombe na mbuzi, wakashika wanyama wadogo, kobayi (wengine wanaita simbiliki) na sungura, kwa sababu wanajificha jikoni na wanabebeka. Tena wanazaa upesi. Jike la sungura hubeba mimba siku 31 hivi, halafu linazaa watoto watano, sita, hata nane. Mtu akiwa na majike mawili mazuri na majani ya kutosha, anaweza kulipa minervali ya mtoto mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya mama. Hesabu ya mdogo wetu ilikuwa nyingine: yeye alizipa majina, alizichana manyoya kwa kitana chake mwenyewe, na siku ya kwanza baba aliposema neno "kuchinja" hakula chakula cha jioni.

Kizimba cha kwanza tulikitengeneza sisi wenyewe, na leo tunaona haya kukieleza. Tulichukua mbao za masanduku ya sabuni, tukaweka waya wa kuku mbele, tukapiga misumari michache na kuipinda. Tulikiweka chini, juu ya udongo wa bustani, chini ya mvoka, ili sungura ziwe kwenye kivuli. Ndani tuliweka pia bidoni ya manjano ya lita 20 iliyopasuka, tuliyoikata mdomo, iwe mahali pa kulala. Bidoni hiyo tuliiweka bila kufikiri. Shikeni habari yake, itarudi.

Hapa tufungue mabano kidogo. Katika vitabu vya Kifaransa adui wa sungura na kuku siku zote ni "renard". Ndiye anamdanganya kunguru katika La Fontaine. Katika Biblia ya Kiswahili Samsoni alikamata mbweha 300 akawafunga mikia. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunamngojea huyo. Lakini renard wa vitabu, yule mwekundu, ni wa Ulaya, Asia, Marekani ya Kaskazini na Afrika ya upande wa Bahari ya Kati. Hapa Bulengera hakuna. Tulimngojea mnyama wa kitabuni, na yule wa kwetu akapita kila usiku juu ya kichwa chetu.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa mwezi wa tatu 2023, mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni. Kumbukeni kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu la Kivu ya Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla ya hapo hakuna baba wa familia katika mitaa yetu aliyekuwa anafungua mlango saa nane za usiku kwa sababu amesikia kishindo. Wezi wa silaha wanajua kumtoa mtu nje. Wanapiga mbuzi alie, wanagonga manjanja ya jikoni, na mwenye nyumba akitoka, wamemshika.

Saa nane ile tulisikia kilio. Asiyewahi kusikia sungura akilia hatatuamini. Siku zote ananyamaza, anakula kimya, anaumwa kimya, na siku ya kufa anatoa sauti moja kali kama ya mtoto mchanga. Sote watatu tuliketi kitandani. Kilio cha pili. Halafu mbao zikagongana. Wa kwanza wetu alikuwa ameshika kitasa tayari wakati baba aliposema gizani, pole pole, "Hakuna mutu kufungua mulango."

"Baba, ni sungura."

"Nimesema hakuna mutu."

Shangazi alikuwa ameamka katika chumba cha pili. Alikuwa amewakusanya watoto wake wawili chini ya kitanda, na alikuwa anatetemeka mpaka tulisikia kitanda kinagonga ukuta. Yeye hakusikia sungura. Alisikia ile siku nyingine. Mama alikwenda kumshika, na sisi tukakaa pale, tukisikiliza, mpaka nje pakawa kimya. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kilio. Hatukulala tena. Wa kwanza wetu alimkasirikia baba siku tatu, na leo ametuomba tuandike kwamba hasira ile haikuwa ya haki.

Asubuhi tulihesabu. Tulikuwa na saba: dume, majike mawili, na watoto wanne wa miezi miwili. Watoto wawili walikuwa wamekufa ndani, wameumwa shingoni. Mmoja hayupo kabisa. Jike moja lilikuwa limevutwa mguu kupitia tundu la waya, damu ikatoka yote. Jike la pili, lililokuwa upande wake na mimba ya siku 25, halikuguswa hata unyoya. Lilikuwa limekaa kwenye kona, macho wazi, linapumua mbio. Tulilipa majani ya viazi, halikula. Saa sita mchana lilianguka upande. Sungura anaweza kufa kwa woga tu, bila jino kumgusa. Hilo tulikuwa hatulijui.

Dume lilikuwa katika sanduku lake la peke yake, na lilipona. Na mtoto wa nne? Tulimwita, tukatafuta kwenye majani, hapana. Mdogo wetu ndiye aliyeingiza mkono ndani ya bidoni. Alikuwa mwisho kabisa, amejibana kwenye kona ya plastiki, ambako mkono wa mnyama haukufika. Alikuwa jike. Kuanzia siku ile jina lake ni Bidoni.

Kijana mmoja wa jirani alisema nyama isipotee, tupike wale wanne. Mama alikataa kabisa. Sisi wa eneo la Katwa hatusahau miaka ile ya Ebola, kutoka tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa mpaka tarehe 25 Juni 2020 ilipokwisha, namna tulivyofundishwa kutogusa mnyama aliyekufa bila kujua kilichomuua. Meno yaliyouma sungura wetu hatukujua yalikuwa na ugonjwa gani. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, tukachimba shimo la kufika magotini, tukafukia, tukanawa kwa sabuni. Shangazi alisimama pale akitazama. Alisema tu, "Hata huku." Hakusema neno lingine mpaka jioni.

Sasa nani alifanya? Sisi tulikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Upande wa chini wa parseli yetu anakaa mama mmoja muuza makala, mjane, ana mbwa wa rangi ya udongo. Mbwa huyo tulimwona mara mbili akipita kwenye tundu la uzio wetu wa matete. Yatosha! Tulimwendea mama huyo asubuhi ileile, watatu, bila baba. Hatukumwamkia hata vizuri. Tulisema mbwa wake amekula sungura wa shangazi. Alituangalia, akaangalia mikono yetu yenye udongo, akasema, "Batoto, imbwa yangu ililala ndani sababu ya mvua." Hatukumwamini.

Tuliporudi, wa katikati wetu akasema tutege. Wengine walisema tuweke sumu ya panya ndani ya nyama. Mama alisikia neno "sumu" akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kama tunataka kuua kuku wa mtaa mzima na mtoto anayetambaa. Kwa hiyo sumu hapana. Lakini mtego wa waya wa breki ya baiskeli tuliutega jioni, kwenye tundu la uzio, bila kumwambia mtu.

Saa kumi na moja alfajiri ulinasa. Ulinasa yule mbwa, mguu wa mbele, na waya ulikuwa umeingia mpaka mfupa. Wa katikati wetu alikimbia kumfungua, na mbwa, katika maumivu, akamuuma mkono.

Hapa tuseme polepole kwa faida ya wote, maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakiponi. Ukiumwa na mbwa, paka au mnyama wa pori, kitu cha kwanza ni maji mengi na sabuni juu ya kidonda, dakika 15 kamili. Usifunge, usipake majani wala mafuta ya moteri. Halafu unakwenda kwa muuguzi siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo kama mkwaruzo. Mama alimshika mkono wa mwanawe chini ya maji mpaka kipande cha sabuni kikaisha. Kituo cha afya walianza sindano, wakasema pia mbwa afungwe na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku kumi, hakuwa na kichaa siku ile aliyouma. Mbwa alibaki mzima. Mama wa makala alikuwa hata na karatasi ya chanjo yake, imekunjwa ndani ya Biblia.

Lakini kuzunguka kwa ajili ya sindano kuligharimu pesa, na pesa hakuna. Tuliuza dume la kijivu. Hivi ndivyo hesabu yetu ilivyokwenda: mnyama wa usiku alituondolea watano, na mtego wetu ukatuondolea wa sita. Bidoni alibaki peke yake.

Baba alitupeleka watatu kuomba msamaha. Alitutanguliza mlangoni, yeye akasimama nyuma. Mama wa makala alikuwa amemfunga mbwa kitambaa mguuni. Hakutukaripia. Alituwekea viti, akasema, "Kama muliniuliza, ningewaambia. Miye kuku zangu tano zilienda mwaka uliopita. Ile kitu inapita juu, haipiti chini."

Juu! Tulikuwa hatujatazama juu hata mara moja.

Alitufundisha jambo la kufanya, na kila mwenye kuku au sungura anaweza kulifanya leo jioni bila franka hata moja. Chukua majivu ya jikoni, yachekeche, yamwage kuzunguka kizimba, upana wa hatua moja, na uyalainishe kwa ufagio. Asubuhi unasoma. Mbwa anaacha alama kubwa yenye kucha mbele. Panya anaacha vialama vya vidole na mstari wa mkia. Nguchiro wengi huja mchana, kwa hiyo ukiona hasara ya saa tisa mchana usimlaumu wa usiku. Sisi usiku wa tatu tulipata alama ndogo za mviringo, kama za paka, bila kucha, na hazikutoka kwenye uzio. Zilianzia katikati ya majivu, chini ya tawi la mvoka, kana kwamba mnyama ameanguka kutoka mbinguni.

Usiku wa nne tulikaa dirishani na tochi, zamu kwa zamu. Karibu na saa tisa macho mawili yaliwaka kwenye tawi. Alikuwa mwembamba, mrefu, madoa meusi mwilini, na mkia mrefu sana wenye pete nyeusi na nyeupe. Watu wetu wanamwita tu paka ya pori. Vitabu vya Kiswahili vinamwita kanu. Tuseme ukweli: alikuwa mzuri. Mdogo wetu alisema "oh!" kama mtu aliyeona nguo dukani. Alitutazama bila haraka, akageuka, akaenda zake juu ya matawi mpaka kwenye mikaratusi.

Baada ya kumwona tulielewa ujinga wa kizimba chetu. Kanu ana mwili kama kamba. Pale kichwa chake kinapopita, na mwili mzima unapita. Kwenye kona, waya wetu wa kuku ulikuwa umeachia msumari, nafasi ya ngumi ya mtoto. Ilimtosha. Na waya wa kuku wenyewe ni wa kumzuia kuku asitoke, si wa kumzuia mwingine asiingie: matundu yake ni mapana, mkono wa mnyama unapita na kuvuta mguu, kama ulivyovutwa mguu wa yule jike.

Tulijenga upya likizo ya mwezi wa saba, baada ya kuvuna maharagi, na safari hii baba alijenga na sisi. Nguzo nne za mkaratusi, na sakafu ya kizimba ikawa mita moja juu ya ardhi. Waya tulinunua ule mgumu uliochomelewa, tundu lake halipitishi kidole gumba, tukaupigilia kwa ndani na kwa nje na kuufunika kwa vipande vya mbao, ili usivutike. Chini pia waya, si mbele tu, maana wako wanaokuja kwa chini na kuuma vidole vya miguu. Paa la manjanja lenye uzito wa mawe. Mlango una kufuli, na ufunguo unalala kwa mama. Mnaweza kucheka kwamba kanu hafungui kufuli. Ndiyo, lakini binadamu anafungua komeo, na binadamu pia anapenda sungura.

Kila nguzo tuliivika shingoni kipande cha bati kama kofia iliyopinduliwa, panya asipande. Panya hatishi mkubwa, lakini anabeba watoto kiotani mmoja mmoja. Miguu ya nguzo tuliitia ndani ya makopo ya maziwa yenye mafuta machafu ya vidanji, tuliyoomba kwa fundi wa moto, kwa ajili ya siafu. Na lile tawi la mvoka? Mama alililia, maana lilikuwa linazaa vizuri. Tulilikata. Sasa kutoka mti mpaka paa ni zaidi ya mita tatu.

Ndani tuliweka vitu viwili vya kujificha: bidoni ya zamani, na sanduku la kuzalia lenye mlango mdogo wa mviringo. Hili wengi wanalisahau. Katika hadithi zetu Sungura ni mjanja kuliko chui na fisi, lakini yule wa hadithi ni mwingine, ni wa porini. Watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi, tayari kukimbia. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, ni mchimbaji wa mashimo. Watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, na macho yanafunguka siku ya kumi hivi au ya kumi na mbili. Kwao, akiona hatari anaingia ardhini. Sisi tunamweka juu ya waya, mahali peupe, halafu tunashangaa anakufa kwa woga. Mpe shimo, hata kama ni shimo la plastiki.

Mwezi wa tisa mwenzetu mmoja wa shule alituazima dume, naye tutampa mtoto mmoja. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja Bidoni aling'oa manyoya ya kifua chake, akatandika sanduku, akazaa sita. Shangazi alikuja kuwaangalia kila asubuhi. Hakugusa. Aliangalia tu, akahesabu, akaenda shambani.

Siku ya tisa ilinyesha mvua kubwa, na usiku, saa saba, mdogo wetu alituamsha. "Bidoni anapiga mguu." Tulisikiliza: du, du, du. Sungura akiona hatari anapiga sakafu kwa mguu wa nyuma. Halafu mbwa wa chini akaanza kubweka. Baba aliamka, akasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, kama usiku ule. Sisi nyuma yake. Shangazi nyuma yetu. Du, du, du. Hakuna aliyesema kitu. Tulijua neno gani litafuata, na wa kwanza wetu alikuwa ameshainamisha kichwa.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya uzio: "Baba ya batoto! Si batu! Ni siafu! Biko kwangu pia, mufungue!"

Baba alifungua.

Siafu walikuwa wamefunika ardhi, mstari mmoja mpana kama mkono kutoka bondeni, na mwingine ukipanda kizimbani. Makopo ya mafuta yalikuwa sawa. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tumepanda maharagi ya kupanda karibu na nguzo, tukisema mbolea isipotee, na uzi mmoja wa mharagi ulikuwa umevuka juu ya kopo, ukashika waya. Daraja! Tulikuwa tumelimwagilia maji daraja lile wiki tano.

Shangazi ndiye aliyetupita wote. Alikanyaga katikati yao bila viatu, akafungua kwa ufunguo wa mama, akalibeba sanduku lote la kuzalia kifuani, akaingia nalo ndani ya nyumba. Baba alimshika Bidoni kwa ngozi ya shingo. Sisi tulikata mharagi, tukawasha majani makavu ya mgomba, tukamwaga majivu yote tuliyokuwa nayo. Mama wa makala aliruka uzio na beseni la majivu yake, maana yeye hakosi majivu. Tuliumwa mpaka mapajani. Wa katikati alivua suruali mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka kabla ya alfajiri. Kabla ya alfajiri tulicheka.

Watoto wawili walikuwa wameshafikiwa, walikufa. Wanne walipona. Shangazi alikaa nao jikoni karibu na moto, akiwatoa siafu mmoja mmoja kwa kucha, mpaka kukacha. Bidoni aliwanyonyesha asubuhi kama kawaida, kwa dakika chache, akarudi kula. Watu husema mama sungura anakataa watoto walioguswa na mkono wa mtu, wetu hakukataa.

Leo zipo tisa. Minervali ya mwaka ule ya mmoja wetu ililipwa nusu na sungura, nusu na maharagi. Karibu na nguzo hatupandi kitu, majani tunayafyeka kila Jumamosi, na mafuta ya makopo tunayaangalia baada ya kila mvua kwa sababu maji yakijaa yanayamwaga. Majivu bado tunayachekecha. Paka ya pori bado anapita; Jumapili iliyopita alama zake zilizunguka kizimba mara mbili, zikaenda upande wa bonde. Mbwa wa mama wa makala anachechemea mguu wa mbele. Mchana, jua likiwa kali, anaingia kwa tundu la uzio, ambalo hatukuliziba, analala chini ya kizimba kwenye kivuli. Bidoni anampigia mguu kila mara, na yeye hata hafungui jicho.